Hema Kando ya Ziwa la Magadi

Bibi mmoja, msomaji wetu wa Mwera huko Pangani, ametuandikia barua ndefu yenye hati nzuri, na kwa kuwa mambo aliyoyauliza yanaulizwa na wengi siku hizi, twaona yafaa tumjibu mbele ya wasomaji wote wa ukurasa huu. Asema kwamba wanawe wafanyao kazi Dar es Salaam wamekusudia, likizo ya shule ijayo, kukodi gari na kumchukua yeye pamoja na wake zao na wajukuu, watu kumi kwa jumla, waende hata Ziwa Natron kaskazini mwa Arusha, walale siku mbili katika mahema, watazame ndege na mlima utoao moto. Bibi ameipenda safari hiyo, maana tangu kuzaliwa kwake hajapita Korogwe. Lakini nduguye mkubwa, mtu wa kuheshimiwa katika msikiti wao, amemwambia kwamba maji ya ziwa lile si maji bali ni magadi, hayafai kwa udhu wala kwa josho. Na kwamba maji matamu yatakayochukuliwa garini yapasa kuwekwa kwa ajili ya sala kwanza, kwani sala ni nguzo, na kiu ni jambo la kuvumiliwa. Akaongeza kuwa mwanamke mzee afadhali akae kwake kuliko kwenda kuzipoteza sala zake nyikani. Bibi auliza: "Je, nibaki?"

La, asibaki kwa sababu hiyo. Yeye anasafiri pamoja na wanawe wa kuwazaa, ambao ni maharimu zake, na jambo hilo halina mjadala. Na kutembea katika ardhi ili kuangalia jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanza kuumba ni jambo tuliloamrishwa katika Qur-ani, mathalani katika Suratul Ankabut, aya ya 20. Lililobaki ni suala la maji, nalo lataka kuelezwa taratibu, maana nduguye hakusema kwa ubaya. Amesema kwa kuichunga dini, ila ameyachanganya mambo ambayo wanavyuoni wameyatenga tangu zamani.

Kwanza tulijue ziwa lenyewe. Magadi si kitu kigeni kwa mama wa nyumbani. Jikoni kwetu pwani hapakosi kipande chake, cha kulainishia kunde na maharage. Sasa afikirie bibi bonde lenye urefu wa kilomita 57 hivi na upana wa 22, lililojaa maji ya namna hiyo, tena maji yenyewe kina chake hakifiki mita 3. Mto Ewaso Ng'iro wa kusini huingia humo ukitokea Kenya, na chemchemi za maji moto huchuruzika kandokando. Lakini hakuna mto hata mmoja utokao. Maji hufika na chumvi zilizoyeyuka kutoka katika miamba ya volkano. Jua likayachukua maji, chumvi zikabaki. Ndivyo ilivyokuwa miaka kwa maelfu. Kinachobaki si kama chumvi tuianikayo katika mashamba yetu ya chumvi kando ya mikoko. Zaidi ni magadi, na ndiyo sababu maji yale ukiyashika huteleza mkononi kama maji ya sabuni. Wataalamu hupima maji kwa kipimo cha 0 hata 14, ambacho 7 ni maji ya kawaida yasiyo na ukali wowote. Maji ya Natron hupita 10. Hata jina lenyewe asili yake ni Kiarabu, natrun, na huko Misri liko bonde liitwalo Wadi Natrun, ambako watu wa Firauni walikuwa wakichukua magadi ya kukaushia maiti zao.

Hapo ndipo ulipotokea uvumi ambao huenda bibi ameusikia, kwamba ziwa hili humgeuza kila kiumbe akawa jiwe mara amgusapo maji. Mwaka 2013 mpiga picha Mwingereza Nick Brandt alitoa picha za ndege na popo waliokufa hapo na kukaushwa na magadi, ambao yeye aliwaokota ufuoni akawasimamisha juu ya vijiti kama walio hai. Picha zikaenea duniani, na maneno yakazidi picha. Kweli ni kwamba mnyama aliyekwisha kufa ndiye ahifadhiwaye na magadi. Walio hai wanaishi: wako samaki wadogo jamii ya perege katika maji ya chemchemi za pembeni, ambao hawapatikani pengine ila katika maziwa haya ya magadi, na wako heroe.

Tuseme kidogo juu ya heroe, maana wajukuu watawauliza. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki, ambao wakadiriwa kuwa kama robo tatu ya heroe wadogo wote wa dunia, hutaga na kuangua hapa Natron, wala hawana mahali pengine pa kudumu pa kufanyia hivyo katika nchi zetu hizi. Wekundu wao hutokana na vijimea vidogo sana vya majini wavilavyo. Viota vyao huvijenga kwa tope, mfano wa vichuguu vifupi, katikati kabisa ya ziwa, mahali ambapo fisi na mbweha hawafiki kwa sababu ya ukali wa magadi. Basi ukali ule ule unaomtisha ndugu yetu wa Mwera ndio boma la makinda ya heroe. Mwaka 1954 Bwana Leslie Brown, mtumishi wa idara ya kilimo ya Kenya aliyependa sana habari za ndege, alijaribu kuvifikia viota hivyo kwa miguu. Gamba jeupe la juu likawa likivunjika kila hatua, akazama katika tope la magadi, na alipotoka miguu ilikuwa imeungua hata akalazwa hospitali kwa muda mrefu. Twamtaja si kwa kutisha, bali wanawe bibi wajue kwamba ule uwanja mweupe uonekanao kama sakafu si wa kuendeshea gari wala wa watoto kuchezea mpira.

Wala wasidhani wasomaji wa Pangani kwamba huko ni nchi isiyojulikana na wazee wao. Karne moja na nusu zilizopita, Pangani ilikuwa mlango wa misafara. Watu waliondoka pwani na ushanga, nguo na nyaya za shaba, wakaufuata mto hata karibu na Kilimanjaro, kisha wakaingia nchi ya Wamaasai kutafuta pembe. Mwaka 1882 padri Mwingereza J. P. Farler aliandika njia hizo zote zitokazo Pangani, kwa kuwauliza wenyeji waliozipita. Na Mjerumani Gustav Fischer alipotaka kwenda Naivasha, katika mwaka huo huo na ule uliofuata, aliondokea Pangani pamoja na wapagazi wa pwani, wakapita kando ya Natron chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Katika watu wale wa misafara wengi walikuwa Waislamu, na nyakati za sala ziliwakuta njiani kama zitakavyomkuta bibi, ila wao hawakuwa na gari.

Sasa tuje kwenye hukumu. Imepokewa na Abu Huraira, na kuandikwa na Imamu Malik, Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa wao husafiri baharini na huchukua maji matamu machache, wakiyatumia kwa udhu, watapata kiu, je, watawadhe kwa maji ya bahari? Mtume (s.a.w.) alimjibu kwamba bahari maji yake ni tohara yenye kutoharisha, na mfu wake ni halali. Natuitazame hali ya muulizaji: maji machache chomboni, watu wana kiu, na mbele yao maji mengi yasiyonyweka. Ndiyo hali ya gari la wanawe bibi, isipokuwa badala ya jahazi ni magurudumu.

Mtu aweza kusema: hiyo ni bahari, na hili ni ziwa la magadi, maji yake yamebadilika ladha, rangi na hata mguso. Jibu limo katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii, nao Minhaj wa Imamu Nawawi ni mmojawapo: maji yaliyobadilika kwa kitu kilichomo mahali yanapokaa au mahali yanapopita, hubaki kuwa maji ya kutoharisha, kwa sababu hayawezi kuepukana na kitu hicho. Chumvi ya ardhi yake, magadi ya ardhi yake, kiberiti cha chemchemi yake, yote hayo hayayaharibu. Lakini bibi akichukua sufuria ya maji matamu ya kisima chake pale Mwera, akatia magadi kwa mkono wake hata maji yakageuka sana, maji hayo ni tohara ya kupikia kunde, wala hayafai tena kwa udhu. Magadi ni yale yale. Tofauti ni nani aliyeyatia. Huenda ndugu yetu alisoma hukumu ya sufuria akaipeleka ziwani.

Kwa hiyo, mwenye kusimama ufuoni pa Natron hawezi kusema kwamba amekosa maji, akapiga vumbi na kusali. Maji anayo. Maji matamu ya garini ni ya kunywa na kupikia, na ya ziwa ni ya udhu, maadam hayamdhuru.

Neno hilo la mwisho ndilo zito, kwa kuwa bahari ya Pangani haimdhuru mtu, na Natron yaweza kumdhuru. Sisi wenyewe tulikwenda huko na jamaa zetu, tukapiga hema karibu na kijiji cha Engare Sero, kusini mwa ziwa. Barabara ya lami ilipoisha, njia ilikuwa ya mawe na vumbi la majivu ya volkano, na katika mtikisiko huo dumu moja kati ya manne lilipasuka, tusijue mpaka tulipoteremka tukaona nyuma ya gari pamelowa. Ilikuwa alasiri, na joto la bonde lile hupita nyuzi 40. Tulikuwa na watoto watano. Mzee mmoja katika sisi akashika dumu la pili akaanza kutawadha kwa maji mengi kama aliye msikitini kwake, na mama wa watoto akasimama anamtazama, hasemi kwa heshima, amemshika mkono mtoto mdogo ambaye midomo ilikuwa imekwisha kukauka. Mwalimu wa chuo tuliyekuwa naye ndiye aliyesema. Hakumkemea mzee, alimwuliza kwa upole kama aikumbuka Safina aliyosomea utotoni, sababu tatu za kutayamamu. Mzee akazitaja moja moja: kukosa maji, ugonjwa, na kuyahitaji maji kwa kiu ya mnyama mwenye heshima. Akaishia hapo, akatazama dumu, akalifunga kifuniko, akampa mama.

Twaomba wasomaji waliangalie sharti hilo la tatu, maana watoto wetu hulikariri vyuoni pasipo kulifikiri. Sharia haikusema "kiu ya mwanadamu" peke yake. Imesema kila kilicho hai chenye heshima, hata punda wa msafiri na mbwa asiyedhuru. Ikiwa maji ya udhu huachwa kwa ajili ya kiu ya punda, itakuwaje kwa mjukuu? Basi yule asemaye kwamba sala kwanza na kiu ivumiliwe amegeuza mpango uliowekwa na sharia yenyewe. Sala haipotei, kwa kuwa imewekewa badala, ambayo ni mchanga. Uhai haukuwekewa badala.

Mwalimu kisha alichukua kata akaenda mahali ambapo chemchemi huingia ziwani, ambapo maji si makali kama ya katikati, akayajaribu kwa mkono. Yaliteleza, hayakuunguza. Wazima wote tukatawadha hapo, tukijihadhari yasiingie machoni, na waliotaka wakajifuta baadaye kwa kitambaa kilicholowa maji matamu. Kijana mmoja alikuwa na kidonda kibichi mguuni. Maji yalipomgusa aliruka. Kwake yeye mwalimu akamwambia aoshe viungo vilivyo salama na akitayamamie kidonda. Asili ya ruhusa hii ni kubwa: katika safari ya Dhatu Salasil, mwaka wa 8 wa Hijra, Amru bin Al-As alipata janaba usiku wa baridi kali, akahofia kuangamia akioga, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), Amru alitoa hoja ya aya ya Suratun Nisai ikatazayo mtu kujiua, na Mtume akacheka wala hakumlaumu. Ikiwa baridi ni udhuru, magadi yaunguzayo nayo ni udhuru. Aliye na ngozi iliyopasuka, mtoto mchanga, na mwenye maradhi ya macho, wasilazimishwe maji yale.

Na atakayetayamamu ajue vumbi la kutumia. Lile gamba jeupe la ufuoni ni magadi, si udongo, halifai. Lakini udongo wenyewe, hata ukiwa wa chumvichumvi, hauna ubaya ukiwa na vumbi: Mtume (s.a.w.) alipooneshwa mji atakaohamia, ambao ni Madina, aliueleza kuwa ni ardhi ya chumvi yenye mitende, na wanavyuoni wametumia habari hiyo kuwa hoja. Aende mbali kidogo na ufuo, achukue vumbi safi la ardhi.

Engare Sero kuna kijito cha maji baridi kinachoshuka kutoka gengeni, chenye maporomoko mazuri ambayo wageni hupenda kwenda kuoga. Neno "engare" kwa Kimaasai ni maji, na ukikaa siku moja mahali pale utajua kwa nini kijiji kimeitwa kwa jina hilo. Hicho ndicho kijito wanachonywa wenyeji na ng'ombe wao na mbuzi wao. Twaona haya kulisema, lakini tuliwaona wageni wakifulia nguo kwa sabuni upande wa juu, na wasichana wa Kimaasai wakiteka maji upande wa chini. Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ametahadharisha mahali patatu ambapo mwenye kujisaidia hujiletea laana: penye maji watu wanapoteka, njiani, na kivulini. Basi wenye kupiga hema wachimbe choo mbali na kijito na mbali na mti ambao mchungaji hupumzikia. Maji ya kijito wachukue kwa chombo na kutumia kando, si kuingia na sabuni. Na kwa kunywa, twamshauri bibi asitegemee weupe wa maji. Katika nchi ya volkano kuanzia Meru na kuendelea, maji mengi yana madini ya floridi, ambayo hugeuza meno ya watoto kuwa ya rangi ya kahawia, nayo hayaondoki kwa kuchemsha. Siku mbili tatu hazidhuru, lakini maji ya kunywa ni heri kuyabeba.

Mambo ya kupiga hema yenyewe yamekwisha kusemwa katika hadithi, ila watu huyasoma kama habari za ngamia. Watu watatu na zaidi wakisafiri wamchague mmoja awe mkuu wao. Hapa twapendekeza awe mwana mkubwa wa bibi, na dereva naye amsikilize. Watuapo usiku wajiepushe na njia, kwa kuwa wanyama huipita na wadudu huikimbilia. Ukweli wa jambo hilo wautaka kuuona asubuhi, watazame nyayo za fisi barabarani. Moto uzimwe kabla ya kulala, hasa kwa kuwa pepo za bonde lile huvuma kwa nguvu usiku na mahema ya siku hizi hushika moto upesi kuliko makuti. Na iko dua fupi ya mwenye kushuka mahali, aliyoipokea Khaula binti Hakim, ambayo wajukuu waweza kuihifadhi garini kabla hawajafika Arusha. Kama watataka nyama, wanunue mbuzi mzima kwa wenyeji na mmoja wao amchinje mwenyewe, wala wasianze kuulizana juu ya nyama iliyokwisha kupikwa. Wasimpige mtu picha bila ya kumwomba ruhusa. Na gharama za viingilio huko njiani zipo zaidi ya moja, basi waulize mapema Arusha au Mto wa Mbu ili wasigombane na watu wa watu.

Watakapokuwa huko, bibi asikose kuziona nyayo za Engare Sero. Ni alama za miguu ya watu zaidi ya 400, waliokanyaga majivu ya volkano yakiwa maji maji, kisha yakakauka na kuwa mwamba. Wataalamu, katika taarifa iliyotolewa mwaka 2016, walikadiria kuwa zina umri wa kati ya miaka 5,000 na 19,000. Vidole vyaonekana, visigino vyaonekana. Kuna waliokuwa wakienda pamoja kama kundi la watu watokao kuteka au kuchuma.

Turudi kwenye hesabu ya maji, maana bibi ni mtu wa nyumba na hesabu ndiyo itakayomtuliza nduguye. Yeye na wanawe ni wasafiri tangu wapitapo nyumba za mwisho za Mwera, kwa kuwa mwendo wao wazidi mara nyingi ule wa marhala mbili, ambao wengi huuhesabu kuwa kilomita 80 na kitu. Wakikaa kando ya ziwa siku mbili tu, hawajafikia siku nne kamili za kuikatisha safari. Basi adhuhuri, alasiri na isha watazisali rakaa mbili mbili, magharibi hubaki tatu na alfajiri mbili. Na wana ruhusa ya kukusanya adhuhuri na alasiri pamoja, na magharibi na isha pamoja. Kwa hivi, nyakati za kutawadha ni tatu kwa siku. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo walimu wetu huifasiri kuwa kibaba, nayo ni kama theluthi mbili ya lita. Watu kumi, mara tatu, theluthi mbili ya lita: ni dumu moja la lita 20. Dumu moja kwa siku kwa nyumba nzima! Kwa kunywa na kupika wahesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku katika joto lile, yaani lita 50, madumu mawili na nusu. Yote kwa siku ni madumu matatu na nusu. Kwa siku mbili ni saba, na moja la tahadhari ni manane. Wakiyajaza yote Mto wa Mbu, mji wenye soko na misikiti, na wakayafunga vizuri juu ya turubai ili yasisuguane, huenda wasihitaji hata kulionja ziwa kwa udhu. Lakini wakihitaji, wamekwisha kujua.

Sharti la hesabu hii ni kwamba kila mtu atawadhe kwa kibaba. Twamwomba bibi ajaribu nyumbani kwake kabla ya safari, kwa kopo aliloipima, na nduguye ajaribu pia. Sisi tulipojaribu mara ya kwanza tulimaliza vibaba vinne hatujafika miguuni, kwa mazoea ya bomba.

Kuhusu kibla, aliyotaja mwishoni mwa barua. Nyota ya Kutubu, ambayo watu wa Arabuni huitumia, haionekani kwetu tulio kusini mwa ikweta, basi asiitafute. Lakini pale Engare Sero kuna alama isiyohitaji nyota wala simu. Mlima Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai wauita Mlima wa Mungu, umesimama upande wa kusini wa kijiji, urefu wake ukikaribia mita 3,000, na moto wake mkubwa wa mwisho ulikuwa mwaka 2007 hata 2008. Lava yake haina mfano katika volkano zote zilizo hai leo: hutoka nyeusi, isiyo moto sana kama lava nyingine, kisha baada ya siku chache huwa nyeupe kama chokaa, kwa kuwa nayo ni ya magadi. Makka kutoka pale ni kaskazini, ukiinama kidogo sana mashariki. Basi bibi aupe mlima mgongo, ziwa liwe mbele yake, ageuke kulia kadiri ya upana wa ngumi ya mkono ulionyooshwa, apige takbiri. Alfajiri, kabla ya jua, huwasikia heroe kabla ya kuwaona.

Swali lake la pili, kama minazi ya marehemu mumewe iliyo Mwera yatolewa zaka, litajibiwa mwezi ujao inshallah, kwa kuwa lina maneno mengi na nafasi ya ukurasa imekwisha.